Mama wa Picha Hatoki Nyumbani

Wanangu mnaofungua maduka, saluni, mashine za unga na makanisa, nawauliza swali moja na msinijibu haraka. Logo yenu inakaa wapi? Najua mtatoa simu. Kila mtu anatoa simu. Mnafungua WhatsApp, mnapandisha kidole juu, mnapita picha za harusi ya binamu na sala za asubuhi, halafu mnanionyesha kitu kidogo kama stempu, kwa sauti ya mtu anayekabidhi dhahabu: "Papa, logo njo iyi."

Nimechora na kuchapa alama za biashara hapa Lubumbashi mpaka macho yakaomba ruhusa. Nilianza na brashi, nikamaliza na kompyuta. Sasa nimestaafu, maana yake nakaa mtaa wa Makomeno katika nyumba aliyoniachia baba yangu, mtu wa reli, na wateja wanakuja kuniuliza yaleyale waliyokuwa wananiuliza atelye, karakana yangu ya zamani, ila sasa wananikuta nimevaa kandambili. Siwalaumu. Mlizaliwa picha zikiwa tayari ndani ya simu, kama maji kwa mwenye bomba. Hakuna anayejiuliza maji yanatoka wapi mpaka bomba likauke.

Niwaanzie na saluni. Kulikuwa na mama mmoja, fundi wa kusuka asiye na mpinzani mtaani kwake. Alileta logo yake, uso wa mwanamke na kitana, faili ya JPEG. Banderoli, lile bango la kutundika mlangoni, aliitaka ya bluu. Nikamwambia, mama, JPEG haijui kukaa tupu. Pale ambapo wewe unaona hakuna kitu, yenyewe imejaza rangi nyeupe, na weupe huo utaifuata logo kila iendako. Nitafutie PNG, hiyo inaweza kuwa wazi nyuma, au niachie muda niikate vizuri. Akasema hana muda, kesho anafungua na padri amekwisha alikwa. Tukachapa. Ule uso ukakaa katikati ya bluu ndani ya sanduku jeupe, kama tangazo la msiba lililobandikwa ukutani.

Haikupita muda jirani yake akaja, naye ana saluni. "Papa, nataka banderole sawa ya ule mwenzangu. Na ile carré blanc pale katikati, usisahabu. Minaona njo inaleta ba-client."

Nikamweleza kwamba ile ni kasoro. Akaniangalia kama unavyomwangalia mganga anayekuficha dawa. "Papa, usininyime," akasema taratibu. Nikamchorea sanduku lake jeupe, kwa makusudi, na kwa upendo. Hadi leo mtaa ule umejaa saluni zenye masanduku meupe, na siogopi kusema kwamba siku moja mwanafunzi wa chuo kikuu pale Kasapa ataandika kitabu kizima kwamba huo ni mtindo wa sanaa wa Katanga.

Msidhani naichukia JPEG. JPEG ni mtoto mzuri ukimpa kazi yake. Picha ya mikate yako inayotoka ovenini, picha ya wafanyakazi wako wamevaa sare, hapo hakuna wa kumshinda, maana anabana picha ikawa nyepesi na jicho halioni kilichopungua. Lakini kila unapomfungua, ukamgusa na kumhifadhi tena, anaacha kitu njiani. Na WhatsApp ikipokea picha inaibana tena, bila kuuliza. Ukilazimika kupitisha logo huko, itume kama dokima, yaani faili kamili, usiitume kama picha. Hilo tu lingeniokolea nywele nyingi.

PNG ni mtulivu zaidi. Habani kwa kutupa vitu, na nyuma yake panaweza kuwa wazi, kwa hiyo anafaa kwenye skrini, kwenye ukurasa wa Facebook, kwenye tovuti. Ila yeye na JPEG ni wa ukoo mmoja, wote wamejengwa kwa vijiwe vidogo vya rangi vilivyopangwa kama vigae. Ukikuza picha huongezi vigae, unavipanua vilevile vilivyopo, mpaka mpita njia anavihesabu akiwa ng'ambo ya barabara.

Ukoo wa pili ni wa vekta. Humo hakuna vigae. Mna maagizo tu: anza hapa, pinda kule, funga, paka nyekundu. Ukiyakuza maagizo hayachoki. Yatachora kwenye kalamu, yatachora kwenye ukuta wa ghala, na ukingo utabaki safi kama umekatwa kwa wembe. Mtayakuta kwenye faili za SVG, AI na EPS, na kwenye PDF pia, lakini PDF angalieni. PDF ni koti. Ndani anaweza kuwamo vekta, au anaweza kuwamo JPEG aliyejifunika mpaka masikioni. Kipimo changu ni rahisi: ikuze kwenye skrini mpaka kona moja ya alama ijaze kioo chote. Ukingo ukibaki safi, ni vekta. Ukiona ngazi ngazi, umedanganywa na koti.

Na msibadilishe jina mkadhani mmebadilisha kitu. Kijana mmoja wa duka la dawa, niliyemtuma alete vekta, alirudi upesi sana. "Papa, nilishaka kuibadirisha. Ilikuwa JPEG, sasa iko SVG." Alikuwa amefuta herufi za mwisho wa jina la faili, akaandika zingine, basi. Nikamwambia mbuzi ukimwita Simba, jioni bado utamfunga kamba. Alicheka mwenyewe, na ndiyo maana nampenda hadi leo.

Mimi mambo haya sikuyajulia kwenye kompyuta. Nilifundishwa na mtu ambaye hakuwahi kugusa kompyuta, Papa Sylvestre, mchora vibao, mrefu, mwenye kukohoa kabla ya kusema kila jambo la maana. Zamani zile alama za biashara kwenye mifuko na kuta tulizipiga kwa kiolezo. Unakata umbo ndani ya kitu kigumu, unakiweka juu ya mfuko, unapiga rangi, umbo linabaki. Karatasi ilikuwa inalowa na kuchanika, kwa hiyo Papa Sylvestre alikuwa anatumia filimu za eksirei zilizotupwa. Hazilowi, hazipindi, na wembe unapita juu yake vizuri. Tulipiga alama za mikate na sabuni za Lubumbashi nzima kupitia mbavu na magoti ya watu tusiowajua.

Na alikuwa na sheria. Kiolezo cha kwanza kabisa, kile alichokata kwa mkono wake akiwa ametulia, alikiita mama. Mama hapakwi rangi. Mama hapelekwi kazini. Mama anakaa juu ya kabati, na kutoka kwake unakata watoto, hao ndio wanaotoka kwenda kuchafuka na kuchakaa. Mtoto akichakaa unarudi kwa mama. Mtu asikate mtoto kutoka kwa mtoto mwenzake, maana wembe unateleza kidogo kila mara, na ukifika kwa kitukuu unakuta simba amekuwa mbwa. Aliyefanya hivyo alisikia kikohozi kirefu kuliko vyote. "Mama hatokake mu nyumba," alikuwa anasema. Nilidhani ni ukali wa wazee. Siku kompyuta zilipokuja na nikasoma habari za faili ya asili na nakala zake, nilicheka peke yangu atelye, kwa sababu niliijua habari nzima.

Sasa niwaambie ya Mama Ngalula.

Mama Ngalula ni mtu wa Kasai, amezaliwa hapahapa, ana mashine ya unga kule Annexe, pembezoni mwa mji. Mifuko yake ilikuwa na alama ya kanga, yule ndege wa madoadoa, aliyekatwa na Papa Sylvestre tangu siku ya kwanza ya mashine ile. Wanunuzi wengi wa kule hawaangalii herufi. Wanamtafuta kanga, wakimwona wanabeba. Papa Sylvestre alipofariki, Mama Ngalula aliendelea kutumia watoto wa kiolezo waliobaki kwake, mpaka kingo zao zikaliwa na rangi na kanga akaanza kunenepa.

Ndipo mwanawe Trésor, anayesoma mambo ya biashara Kasapa, akasema waache kupiga rangi kwa mkono, wachapishe mifuko kiwandani. Wazo zuri, na ninalisema mbele yenu ili asije akalalamika kwamba namchongea. Tatizo ni safari ya yule ndege. Trésor alipiga picha mfuko mkuukuu kwa simu. Akaituma WhatsApp kwa rafiki yake aikate pembeni. Rafiki akairudisha. Trésor akaiweka kwenye kundi la familia ili shangazi zake watoe maoni, na wakayatoa. Akaichukua tena kutoka kwenye kundi. Kiwanda kikamwomba vekta, naye akaivalisha koti la PDF, akapeleka.

Mifuko ilipofika, Mama Ngalula aliipeleka sokoni kama kawaida, na wanawake wakaigomea. Mjue kwamba miezi ile kulikuwa na watu waliokuwa wanaweka unga wa mahindi yaliyooza ndani ya mifuko inayofanana na ya wengine. Kwa hiyo mtu akiona alama imebadilika haulizi, anakimbia. Mama Kapya, mpishi wa bukari, ugali wetu, anayelisha nusu ya soko, aliyekuwa akinunua kwa Mama Ngalula tangu wote wawili wakiwa wasichana, aliurudisha mfuko bila kuufungua. Hakutoa neno baya. Aliuweka chini tu, akaenda kununua kwingine.

Walikuja kwangu asubuhi, mama na mwana, na mfuko mmoja mtupu. Mama Ngalula aliutandaza mezani kwangu. Madoa ya kanga yalikuwa yameyeyuka yakawa ukungu wa kijivu, mgongo una ngazi ngazi, na kichwa huwezi kusema ni cha kanga au cha bata mwenye homa.

"Papa Kisimba, iyi njo kanga?" akaniuliza. "Ba-client bangu banasema naanza kuuzisha unga ya kuiga. Miye, Ngalula. Jina ya muntu banaijenga na mikono, sasa yangu inakufa juu ya ndege."

Hakulia. Ningependa angelia, maana nisingekuwa na haja ya kumtazama usoni.

"Papa, mu telephone ilikuwa muzuri kabisa," Trésor akasema.

"Mu telephone yako, hata miye ningekuwa muzuri," nikamjibu.

Trésor alikuwa na dawa nyingine. Amemwona kanga kwenye intaneti, vekta halisi, manyoya yanang'aa, tayari kuchapwa leo. Akamwonyesha mama yake. Mama Ngalula alimwangalia yule ndege kwa adabu, kama unavyomwangalia mchumba usiyemtaka.

"Ni muzuri. Mais siye."

Basi nikawaeleza yote niliyowaeleza ninyi hapa, vigae na maagizo, JPEG na SVG, na kwa nini picha iliyokwisha kubanwa haiwezi kukuzwa ikarudi ilivyokuwa. Trésor alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa kila kitu. Mama Ngalula alisikiliza, mikono magotini, mpaka nikamaliza.

"Bon. Basi iko sawa mahindi," akasema. "Mahindi unasaga, inakuwa unga. Unga unapika, inakuwa bukari. Lakini hakuna muntu anaweza kukamata bukari airudishe ikuwe mahindi. Donc weye Trésor, kiwanda ilikulomba mahindi, ukabapelekea bukari."

"Bukari ya jana," nikaongeza, "na imeshikwa na ba-tantine bako bote."

Nimefundisha watu wengi kazi hii, na sijasikia mtu aliyeisema vizuri zaidi. Tangu siku ile naisema hivyohivyo, na namtaja mwenyewe.

Swali likabaki, mahindi yako wapi. Watoto wa kiolezo walikuwa wamekwisha. Ukuta wa mashine ulikwisha pakwa upya. Nikakumbuka sheria ya mzee, kwamba mama hatoki nyumbani, na nikaona ni kweli tupu kwamba kama yupo, atakuwa nyumbani. Tukaenda kwa mjane wa mzee, Mama Béa, ambaye sikuwa nimemtembelea kama inavyopasa.

"Bintu ya Sylvestre?" akasema. "Ingine nilichoma, ingine nilipana. Mais iko moya kule kwa bakuku, inakinga upepo."

Na kweli. Kwenye dirisha la banda la kuku, imepigiliwa misumari minne, imejaa vumbi na alama za midomo, ilikuwa pale. Tuliiosha kwa maji na sabuni, nikaiinua juani. Mbavu za mtu nisiyemjua, na katikati ya mbavu, kanga. Kila doa lilikuwa limekatwa peke yake, na hakuna madoa mawili yaliyolingana. Hapakuwa na rangi hata tone. Niliona mkono wa mwalimu wangu kana kwamba amesimama nyuma yangu anakohoa. Mama Béa alinishika kiwiko. Kisha akatuambia tumletee ubao wa kuziba dirisha kabla kuku hawajapata mafua, na Trésor akaenda kuutafuta.

Niliipiga picha kwa kamera nzuri, ikiwa bapa, mwanga sawa pande zote, nikaiingiza kwenye kompyuta na kuanza kuipitia ukingo kwa ukingo. Hiyo kazi kuna mashine ya kuifanya yenyewe, mnaijua, unabonyeza na inafuatisha. Inafaa kwa herufi. Kwa kitu cha mkono inasawazisha mno, kwa hiyo nilikwenda nukta kwa nukta. Nilipofika miguuni nikaona mguu mmoja mfupi. Filimu ilikuwa imeishia pale, mzee akakosa nafasi, akakata mguu kulingana na alichobakiwa nacho. Mimi nikaurefusha. Nilijisikia nimemsaidia marehemu.

Mama Ngalula alipokuja kuona, aliinama mbele ya skrini. Nikamkuzia mpaka kanga akajaza kioo, ukingo safi. Nikangoja sifa.

"Iyi haiko yangu," akasema. "Yangu inachechemeaka."

Trésor alinitazama kwa furaha ambayo sitaisahau. Nikaufupisha mguu.

Halafu tukamtengenezea kanga nyumba yake, na hapa ndipo mnisikilize hata kama mlisinzia. Faili ya asili, vekta, tuliipa jina lililo wazi, tukaiweka sehemu tatu: kwa Mama Ngalula ndani ya flashi iliyofungwa kwenye funguo zake za mashine, kwangu, na kwenye barua pepe ya Trésor. Hiyo ndiyo mama. Hafunguliwi kwa kuchezewa. Kutoka kwake tukatoa watoto. PDF ya vekta kwa kiwanda cha mifuko, na namba ya rangi iandikwe, kwa sababu nyekundu ya skrini ni mwanga na nyekundu ya mfuko ni wino, ukiacha waelewane wenyewe utapata waridi. PNG yenye nyuma wazi kwa Facebook. JPEG nyepesi kwa kundi la familia, ili shangazi waendelee kutoa maoni bila madhara. Na kanga wa rangi moja tu, mweusi, kwa muhuri, maana logo isiyoweza kusimama kwa rangi moja bado haijapona. Trésor aliandika vyote, na mara hii aliuliza maswali.

Mifuko mipya ilipotoka nikafuatana nao sokoni Annexe. Sikuwa na kazi pale. Nilitaka kuona, basi. Mama Ngalula alipanga mifuko yake mahali pake pa siku zote, akakaa nyuma yake, na uso wake ulikuwa umefungwa kabisa. Watu walipita. Wengine walipunguza mwendo wakaendelea. Trésor alitaka kuwaita, mama yake akamkataza kwa jicho.

Mama Kapya alikuja na sufuria yake kubwa mkononi. Aliwasalimu, akanisalimu, akasimama. Aliitua sufuria chini, akainama juu ya mfuko wa kwanza. Akapitisha kidole mgongoni mwa kanga, akapita madoa moja baada ya lingine, akashuka mpaka kwenye ule mguu mfupi, kidole kikatulia pale. Mama Ngalula alikuwa anatazama kile kidole.

"Eh," Mama Kapya akamwambia yule ndege. "Ulikuwaka wapi?"

Trésor akapiga hatua mbele, uso umejaa mwanga wa elimu. "Mama, problème ilikuwa format. Unaona, JPEG wakati banaitumaka..."

"Trésor," mama yake akasema, na sauti ilikuwa inamtetemeka. "Nyamaza. Bebea mama mufuko yake."

Akabeba.